Ute wa kijani kwenye sarafu za babu: kosa ni la albamu au la plastiki?

“Mtaalamu, shikamoo. Nipo Tanga. Marehemu babu alituachia sarafu kama 140 ndani ya mkebe wa biskuti: rupia za Mjerumani, heller (senti za Mjerumani) zenye tundu, shilingi za simba, pesa chache za Zanzibar zenye picha ya mizani, reale moja kubwa ya yule malkia Maria Theresa, na senti za miaka ya kwanza ya uhuru. Mwaka jana nilinunua albamu stesheneri, ile yenye kurasa laini za vifuko, nikazipanga zote. Sasa baadhi zina utelezi wa kijani, na shilingi mbili zimegandana na plastiki. Rafiki yangu anasema albamu ni za watoto, ninunue vikopo vya plastiki, kila sarafu na chake. Mjomba anasema nizioshe kwa ukwaju nizirudishe mkebeni, maana zilikaa humo miaka 60 na hazikudhurika. Sitaki kuziuza, nataka wanangu wazione. Nifuate lipi?”

Marahaba. Kabla hujasoma zaidi, toa sarafu zote kwenye hiyo albamu leo, hata kama huna pa kuziweka. Tandaza taulo safi la pamba mezani, uzipange zisigusane. Zile mbili zilizogandana usizibandue kwa kucha wala kwa kisu. Kata ukurasa kuzizunguka kwa mkasi, ziache na vipande vyake vya plastiki. Tutazirudia.

Umeuliza uchague albamu au vikopo, lakini nasikia na hofu kwamba umeharibu urithi. Hofu hiyo ipunguze. Ulichoeleza, kikiwahiwa, huondoka kwa sehemu kubwa. Ila albamu kama albamu haijala sarafu yako. Kilichoila ni plastiki ya kurasa zake, ikisaidiwa na joto na hewa ya pwani. Zipo albamu salama kabisa, na vipo vikopo na vifuko vya sarafu mojamoja vilivyotengenezwa kwa plastiki ileile mbaya. Ukimfuata rafiki yako ukanunua chochote kinachouzwa kwa jina la “kihifadhi sarafu”, mwakani unaweza kuniandikia barua hii hii.

Mjomba amepatia nusu. Mkebe wa bati hauna plastiki laini ndani yake, na sarafu zilizotulia gizani zilijijengea utando wa kahawia au wa kijivu ambao kwa kiasi fulani hulinda madini ya chini yake. Ubaya wa mkebe ni mgongano: kila ukibebwa sarafu zinapigana, na rupia ikishabonyea ukingoni haitengenezeki. Lakini ukwaju, hapana. Ukwaju ni asidi, ndiyo maana sinia za shaba hung'aa ukizisugua nao. Hung'aa kwa sababu ngozi ya juu imevuliwa. Pesa ya Zanzibar ikivuliwa ule utando wa zaidi ya miaka 100 hugeuka rangi ya waridi kama kuku aliyenyonyolewa, thamani yake kwa wakusanyaji huporomoka, na kwa unyevu wa Tanga haichelewi kushika madoa mapya kwa kuwa haina kinga tena. Limau, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia vitasa, vyote hesabu ni hiyo hiyo.

Sasa huo ute. Kurasa laini za bei nafuu kwa kawaida ni PVC. Kwa asili PVC ni ngumu, ni ile ile ya mabomba ya maji. Ili ikunjike kama kitambaa, kiwandani huchanganywa na mafuta ya kulainisha. Mafuta hayo hayakushikamana kabisa na plastiki, kwa hiyo chumba kikiwa na joto hutoka taratibu kama jasho na kutua juu ya sarafu. Wakati huohuo PVC yenyewe huchakaa na kutoa asidi ya hidrokloriki kidogokidogo. Mafuta huishikilia asidi hiyo na unyevu juu ya madini, asidi hula shaba, na kinachozaliwa ni chumvi ya shaba, ambayo ni ya kijani. Huo ndio ute wako.

Hapo utaelewa pia kwa nini sarafu hazikuumia sawa. Pesa za Zanzibar za mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, ni shaba tupu. Senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu na pembe za ndovu ni bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati. Hizo huwa za kwanza kulia. Shilingi za simba huwachanganya wengi. Watu huziita za fedha, na kwa sura ni kweli, lakini zile za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu, nyingine yote ni madini ya kawaida, shaba ikiwamo. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kwa hiyo sishangai kwamba zilizoganda ni shilingi. Rupia ya Mjerumani ina fedha karibu asilimia 92, nayo huvumilia zaidi, ingawa haiko salama: juu yake ute huanza kama ukungu mwembamba unaoonekana tu ukiinamisha sarafu kwenye mwanga. Kwa hiyo usizirudishe rupia kwenye albamu eti zimepona. Zikague moja moja karibu na dirisha.

Jinsi ya kuitambua plastiki mbaya ni jambo ambalo wauzaji wengi hawajui, basi lijue wewe. PVC laini hunuka kama mpira mpya wa kuogelea au pazia jipya la bafuni. Harufu ikikuacha na shaka, kata kipande kidogo kwenye pembe ya ukurasa, kisukume chini ya maji yenye tone la sabuni ili viputo visikibebe, kisha kiachie. Polipropilini na polithini huelea, na zote mbili ni salama. Kikizama, kikunje: kama ni kigumu kidogo na kinalia krr krr kama karatasi ya zawadi, huenda ni poliesta, ile inayouzwa kwa jina la Mylar, nayo ni salama. Kikizama na ni laini kama ngozi, kitupe. Kwenye masanduku na mifuniko tazama pembetatu ya mishale chini yake: namba 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini, 1 ni poliesta. Namba 3 ni PVC, na hiyo usiiweke hata kwenye chumba kimoja na sarafu.

Kuondoa ute tumia asetoni safi kutoka duka la kemikali za maabara. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, nyingi zina manukato na mafuta yanayobaki juu ya sarafu. Asetoni hushika moto upesi mno. Fanyia kazi nje kivulini, mbali na jiko na sigara, ukiwa umevaa glavu za mpira wa butili. Andaa glasi mbili za kioo, kila moja na asetoni ya kutosha kuifunika sarafu, kama mililita 50. Usitumie kikombe cha plastiki, kinaweza kuyeyuka. Usifunge kwa mfuniko wa chupa ya jemu pia, kwa sababu ule mpira wa ndani mara nyingi ni PVC, utaitia sarafu uchafu uleule unaoutoa. Kisahani cha udongo kinatosha kufunika.

Tia sarafu moja kwenye glasi ya kwanza kwa dakika 10 hadi 15, igeuze katikati ya muda huo, kisha ihamishie glasi ya pili kwa dakika moja. Itoe kwa kuishika ukingoni, isimamishe juu ya karatasi laini, ikauke yenyewe. Kukauka ni suala la sekunde. Usiifute. Kama ute umebaki kwenye herufi, viringisha, narudia viringisha, kijiti cha pamba kilicholowa asetoni juu yake. Kusugua huacha mikwaruzo myembamba kama nywele, na hiyo haifutiki. Glasi ya kwanza ikichafuka, badilisha. Zile shilingi mbili zitumbukize pamoja na plastiki yake. PVC hulegea ndani ya asetoni, na kwa kawaida ndani ya saa moja sarafu huachia yenyewe. Isipoachia, acha hapo hapo, usitumie nguvu. Asetoni haiondoi utando wa umri, kwa hiyo usiogope kwamba unafanya yale ya ukwaju. Lakini pale ambapo asidi ilishakula, ute ukiondoka utaona vishimo vidogo au doa lisilo na mng'ao. Hivyo havirudi. Kazi hapo ni kuzuia visiongezeke.

Baada ya hapo ndipo swali lako linapata nafasi. Kwa mkusanyiko kama huu ningekushauri mchanganyiko: kadi za mraba za sentimita 5 kwa 5 zenye dirisha la Mylar, zipangwe kwenye kurasa za vifuko za polipropilini, na kurasa ziingie kwenye faili la pete. Kila sarafu inakuwa na nyumba yake kama anavyotaka rafiki yako, na wanao wanafungua kurasa kama kitabu. Ukurasa wa ukubwa wa A4 hubeba kadi 20, maana yake sarafu zako 140 ni kurasa saba. Pembeni ya kadi unaandika aina, mwaka na alikoipata babu, kwa kalamu ya risasi na kabla sarafu haijaingia.

Chagua dirisha lililozidi sarafu kwa milimita mbili hivi. Rupia ina milimita 30, ipe dirisha la 32.5. Shilingi ya simba inakaribia 28, inaenea kwenye la 30. Ile heller 5 kubwa ya bronzi ya 1908 na 1909 ina milimita 37, chukua la 39.5. Dirisha likilingana sawasawa na sarafu, kadibodi hugusa ukingo, na kadibodi ya bei rahisi huwa na salfa inayoitia fedha weusi. Kunja kadi bila sarafu kwanza, ikague kwenye mwanga, punga vumbi kwa kipampu cha mpira. Usipulize kwa mdomo: tone la mate usiloliona leo ni doa jeusi baada ya miezi. Weka sarafu katikati, funga kwa pini za stepla tatu au nne pembezoni, mbali na dirisha. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapopuuza, zibane pini kwa koleo hadi zilale kabisa. Pini iliyoinuka hupenya Mylar ya kadi jirani na kuchora sarafu isiyo na hatia. Pini za kawaida hushika kutu pwani, kwa hiyo zikague kila baada ya masika, ukipata za chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi. Kadi za kujibandika zenye gundi mimi sizipendi kwa hali ya hewa ya Tanga. Gundi hulegea na joto na kutambaa kuelekea dirishani. Ukitaka kuitoa sarafu kwenye kadi, ng'oa pini zote kwanza. Ukiivuta kadi ikiwa na pini, ncha ya pini itaukwaruza uso wa sarafu.

Kapsuli ngumu za akriliki, ambazo ndizo vikopo vya rafiki yako, ni nzuri kweli. Hazikwaruzi, zinaonyesha pande zote mbili, na mtoto anaweza kuishika sarafu bila kuigusa. Lakini ni ghali zaidi ya kadi, zinakula nafasi, na kila moja imekatwa kwa kipimo chake. Sarafu ikicheza ndani ya kapsuli itajisaga yenyewe kila unapoibeba. Nunua inayoenea sawasawa badala ya zile zenye pete ya sponji nyeusi, maana sponji nyingine huchakaa na kunata. Ningezitengea sarafu 10 au 12 tu: rupia ambazo manyoya ya tai kwenye kofia ya Kaizari bado yanahesabika, pesa za Zanzibar zenye mizani iliyo wazi, na reale ya Maria Theresa. Hiyo ya mwisho ina upana wa milimita 40 hivi na gramu 28, haienei vizuri kwenye kadi za kawaida. Ipime kwa rula ya vanieri, ile yenye taya za kubana, kabla ya kununua. (Mwaka 1780 ulioandikwa juu yake usikupe presha. Reale hizo zimeendelea kupigwa kwa karne mbili zaidi, zote zikiandikwa 1780.)

Utaona pia albamu za kadibodi zenye matundu ya kusukumia sarafu kwa kidole, na nyingine zenye vipande vya plastiki vinavyoteleza juu ya tundu. Za kwanza zinakulazimisha kukanyaga uso wa sarafu kwa dole gumba lenye jasho na chumvi. Za pili kila ukivuta kile kipande kinasugua sehemu zilizoinuka, mashavu na nywele za mfalme, hadi mistari inabaki. Kwa senti zilizochakaa, sawa. Kwa rupia, usithubutu. Na zile sarafu zilizopimwa daraja na kufungwa moja kwa moja kwenye vibao vya plastiki na kampuni za Marekani kama PCGS na NGC, hizo zina maana unapouza kitu adimu ambacho mnunuzi anahofia ni bandia. Wewe huuzi, hela hiyo nunua kadi.

Jambo moja ambalo hukuuliza: uzito. Rupia moja ni gramu 11.66, ukurasa wa rupia 20 unapita gramu 233 kabla ya kuhesabu kadi. Usijaze kurasa zaidi ya 10 kwenye faili moja, na lisimamishe kama kitabu. Mafaili yakilazwa juu ya mengine, pini zinaanza tena uchokozi wao.

Hewa sasa. Kadi, kapsuli na albamu, hakuna kinachozuia unyevu, vyote hupumua. Pwani unyevu hewani hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na shaba yenye chembe za chumvi haitakiwi kuishi huko. Tafuta sanduku la chakula la polipropilini, namba 5, lenye mfuniko wa kubana kwa vishikizo pande nne, kubwa la kumeza faili lako. Kwa sanduku la lita 10 weka gramu 100 za silika jeli ya chembe za rangi ya chungwa ndani ya mifuko miwili ya kitambaa cha pamba, pamoja na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Lenga asilimia 35 hadi 45. Chembe zikigeuka kijani zimeshiba: zimwage kwenye trei, zioke kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, zirudi kazini. Vile vipakiti vinavyokuja na viatu vimeshashiba tangu dukani, havina msaada. Mchele uliopewa sifa na mafundi simu nao uache, unaleta unga na fukusi. Naftalini usiitie kabisa, mvuke wake hudhuru plastiki. Rababendi, sufu, gazeti na kisanduku cha ngozi vyote vina salfa au asidi, viweke mbali.

Sanduku lenyewe likae ndani ya kabati la chumba cha kati, lisiguse ukuta wa nje wala sakafu, na lisiwe kwenye chumba mnachofukizia udi, kwa sababu moshi wake huacha utando wa mafuta juu ya kila kitu. Kama chumba kina kiyoyozi cha usiku tu, usifungue sanduku likiwa bado la baridi. Lisubiri lipate joto la chumba, la sivyo sarafu zitatoa jasho kama chupa ya soda.

Kuna hali ambazo maelezo ya kuandikiana hayatoshi. Ya kwanza ni unga mkavu wa kijani mpauko unaotoka ndani ya kishimo, ukautoa, na baada ya siku chache ukarudi palepale. Huo si ute wa PVC. Ni kloridi iliyoingia ndani ya shaba, na wahifadhi huuita ugonjwa wa bronzi. Asetoni haiuwezi. Itenge sarafu hiyo peke yake kwenye chupa yenye silika, uipeleke kwa mhifadhi wa makumbusho: Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, au ukiwa upande wa pili wa mpaka, Fort Jesus Mombasa. Ya pili ni shilingi iliyokataa kuachia plastiki. Ya tatu ni kama kati ya hizo rupia imo ya dhahabu yenye tembo, imeandikwa 15 Rupien 1916, na herufi T. Hiyo ilipigwa Tabora wakati wa vita, na bandia zake ni nyingi kuliko unavyodhani. Usiitie kwenye asetoni wala kwenye kapsuli, usiitaje kwa watu, ipeleke ikapimwe uzito na madini mbele yako. Ukikuta heller 20 za Tabora za mwaka huohuo zina uso wa mawimbi na herufi zilizopinda, usijilaumu wala usiilaumu albamu. Zilipigwa haraka kwenye karakana ya reli, zimezaliwa hivyo.

Na kuhusu wanao: chagua sarafu tano au sita za senti za 1966, zile za mbuni na za sungura, zilizochakaa zaidi, uziache nje ya sanduku kwenye bakuli. Hizo wazishike wanavyotaka, wazihesabu, wazichore kwa penseli chini ya karatasi. Wakizoea kushika ukingoni bila kukumbushwa, ndipo ufungue faili.